Kifuniko Kigumu Hakitibiwi kwa Nati: Kutunza Vifuniko vya Tangi kwenye Ndege Uliyoiunda

Ndege ndogo ikilala nje na mvua ikanyesha, maji hutafuta njia ya kuingia tangini, na njia iliyo karibu kuliko zote ni kifuniko. Kiko juu ya bawa, kinaangalia mbingu, na katikati yake pana kijishimo ambamo mpini hulala. Maji hayahitaji mwaliko mkubwa zaidi ya huo.

Wenye ndege wengi hukikumbuka kifuniko siku mbili tu: siku kinapogoma kufunguka, na siku maji yanapoonekana kwenye chupa ya kupimia mafuta. Mara nyingi siku ya kwanza ndiyo inayozaa ya pili. Kifuniko kinakaza, mwenyewe anashika spana, analegeza nati ya chini mpaka mpini unalala kwa kidole kimoja, roho yake inatulia. Ugumu umeondoka, na uzibaji umeondoka nao.

Kwa hiyo shika kanuni hii tangu mwanzo: kifuniko kikiwa kigumu, tafuta kwanza raba ina nini. Imekauka, imevimba, au imejaa uchafu. Grisi huja baada ya hapo, na nati huja mwisho kabisa.

Mfano tutakaoutumia ni ndege za RV za kampuni ya Van's Aircraft ya Aurora, jimbo la Oregon, Marekani. Huuzwa kama seti ya vipande na mnunuzi huziunda mwenyewe; zaidi ya 11,000 zimekwisha kuruka. RV-7, kwa mfano, ina tangi moja katika kila bawa, na kila tangi hubeba galoni 21 za Kimarekani, yaani karibu lita 80. Ndege yako ikiwa ya aina nyingine, kanuni ni zilezile, ila vipimo na mpangilio wa vipande uchukue kwenye kitabu cha ndege yako.

Kijue kifuniko chako kabla ya kukigusa

Kuna vifuniko vinavyopumua na visivyopumua. Injini inapokunywa mafuta, hewa lazima iingie tangini kuchukua nafasi yake. Kwenye RV hewa hiyo hupita katika bomba la pembeni linalotokeza chini ya kiwiliwili cha ndege, kwa hiyo kifuniko chenyewe hakina tundu na kinatakiwa kizibe kabisa. Ndege nyingine, hasa zilizoundwa kwa kufuata Piper Cub ya zamani, hupumulia kifunikoni: pana kitundu, au kijibomba kinachotazama mbele.

Tofauti hii si ya kupuuza. Ukiweka kifuniko kisichopumua kwenye tangi linalopumulia kifunikoni, mafuta yatashindwa kushuka na injini itazimika hali tangi lina mafuta. Kijibomba kinachotakiwa kutazama mbele kikigeuzwa nyuma, hewa itanyonya badala ya kusukuma. Na ukipaka grisi ovyo ukaziba kitundu cha kupumulia, utakuwa umeharibu kwa mkono wako kilichokuwa kizima. Kifuniko chenye tundu, tundu lake hukaguliwa kwa kupuliza hewa, halipakwi kitu.

Kinavyoziba

Kifuniko cha RV kina sehemu chache: mpini unaolala sawa na uso wa bawa, kiguzo kinachopita katikati, raba kubwa ya duara pembezoni, raba ndogo iliyokizunguka kiguzo, kipande cha chini kinachoshika shingo ya tangi, na nati inayofunga vyote. Mafundi huziita raba hizo oringi. Mpini ukilazwa, kiguzo huvutwa juu, kipande cha chini hukaza, na raba kubwa hubanwa ikaziba.

Raba ndogo ndiyo inayosahauliwa. Mtu hununua raba kubwa mpya, akaiweka, akajiona amemaliza kazi, kumbe maji yaliyotuama kwenye kijishimo cha mpini yanateremka polepole kandokando ya kiguzo, kwa sababu raba ndogo ina miaka haijaguswa. Ukibadilisha moja, badilisha zote mbili.

Tena kazi ya kifuniko si kuzuia maji tu. Ndege ikiwa angani, hewa inayopita juu ya bawa huwa na shinikizo dogo kuliko iliyomo tangini. Raba ikiwa mbovu, mafuta hufyonzwa nje yakasambaa nyuma ya bawa. Uvujaji uleule unaoingiza maji ndege ikiwa chini hutoa mafuta ikiwa juu.

Dalili za kuangalia

Petroli ya ndege ya 100LL hutiwa rangi ya buluu. Ikivuja, petroli yenyewe hupeperuka na rangi hubaki. Basi pitisha macho nyuma ya kifuniko kuelekea ukingo wa nyuma wa bawa: mchirizi wa buluu iliyofifia, hata ukiwa mwembamba, unakuonyesha mahali raba ilipochoka.

Kisha chomoa kifuniko na uitazame raba kwa karibu, kwenye mwanga wa jua. Ikunje taratibu kwa vidole. Nzima hukunjika na kurudi, na uso wake ni laini kote. Iliyochoka huonyesha nyufa nyembamba upande wa nje wa mkunjo, kama chapati ya jana. Angalia pia kama upande mmoja umekuwa bapa. Raba iliyobanwa muda mrefu hupoteza uduara wake na haisukumi tena dhidi ya chuma.

Ugumu nao una namna zake. Kifuniko kinachokwaruza wakati wa kuzunguka kina mchanga au kimekauka. Kinachoingia vizuri asubuhi kikiwa kikavu, lakini kikagoma kurudi mara tu baada ya safari, kina raba iliyovimba kwa petroli. Mpini unaonyanyuka kwa shida ilhali kifuniko chenyewe kinazunguka vizuri, tatizo lake liko kwenye pini ya mpini au kwenye raba ndogo ya kiguzo.

Matayarisho na usalama

Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa ya kutosha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa sakafuni, na huweza kufikia moto ulio mbali na ulipo. Unganisha ndege na ardhi kwa waya wake kama unavyofanya wakati wa kujaza mafuta, weka kizima moto karibu, na simu iache ndani. Vaa glavu: 100LL ina risasi, mpaka gramu 0.56 kwa lita, na risasi si kitu cha kuzoeana nacho kwa ngozi.

Andaa hivi:

- raba mpya, kubwa na ndogo, kwa namba zilizo kwenye kitabu cha ndege yako;
- nati mpya ya kujifunga, yaani yenye plastiki ndani;
- kijiti cha plastiki au cha mbao cha kung'olea raba;
- vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi;
- sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu;
- grisi isiyoyeyuka katika petroli;
- rangi ya kuwekea alama kwenye nati.

Shughulikia kifuniko kimoja kwa wakati mmoja, na uandike alama ya kulia na kushoto upande wa chini. Kila kimoja kimekazwa kulingana na shingo ya tangi lake. Ukivibadilisha nafasi, vyote viwili vitakaa vibaya. Kifuniko kikiwa mezani, funika shingo ya tangi kwa kitambaa kikubwa kilichofungwa kamba nje, kisije kikadumbukia.

Kuvua na kusafisha

1. Piga picha ya kifuniko kwa pande zote kabla hujafungua chochote. Hesabu nyuzi za skrubu zinazojitokeza chini ya nati na uandike.
2. Fungua nati, toa kipande cha chini, kisha sukuma kiguzo. Panga vipande mezani kwa mfuatano uleule wa kuvitoa.
3. Ng'oa raba kwa kijiti. Usitumie bisibisi wala msumari. Mkwaruzo mmoja ndani ya mfereji wa raba ni njia ya maji ambayo hakuna raba mpya itakayoiziba.
4. Osha vipande vya chuma kwa sabuni, suuza, kausha kabisa. Grisi kuukuu iliyoganda kwenye mfereji iondoe kwa kijiti na kitambaa. Asetoni na tina visiguse raba hata tone.
5. Pitisha kidole, bila glavu kwa muda huo tu, kwenye mfereji na kwenye mdomo wa shingo ya tangi. Kidole huhisi makali ambayo jicho haliyaoni. Ukikuta makali kwenye kifuniko, yalainishe kwa msasa mwembamba ukiwa mezani. Yakiwa kwenye shingo ya tangi, usipige msasa kabla hujaziba shingo vizuri, maana unga wa alumini ukiingia tangini utaishia kwenye chujio.

Kuchagua raba

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa raba mbili zinaweza kulingana ukubwa na weusi, zisilingane tabia. Raba za kundi la MS29513 zilitengenezwa kwa ajili ya mafuta ya injini za ndege kama petroli. Za MS28775 ni za mafuta ya haidroli. Namba ya mwisho inayotaja ukubwa inaweza kufanana kabisa. Ukiweka ya haidroli kwenye tangi la petroli, itaingia vizuri siku hiyo, kisha itavimba au kuharibika. Soma pakiti, usitazame raba tu.

Raba ya kawaida ya petroli, ya nitrili, huvimba kidogo inapolowana na husinyaa inapokauka. Ndiyo maana kifuniko kilichokaa safi siku ya kwanza huweza kukaza baada ya miezi. Raba ya florosilikoni huvimba kidogo kuliko ya nitrili na hubaki laini kwenye baridi kali, ila ni ghali na huchanika upesi ikikwaruzwa. Raba za Viton hustahimili petroli vizuri, lakini hukakamaa kwenye baridi. Ukiwa unatumia petroli ya magari yenye ethanoli, uliza kwanza kama raba yako, na tangi lako zima, vinaikubali.

Angalia pia tarehe. Pakiti nyingi huandikwa robo na mwaka raba ilipopikwa: 2Q24 ni robo ya pili ya 2024. Raba za akiba ziache ndani ya pakiti zake, mbali na jua na joto.

Kuchagua grisi

Grisi haizibi. Raba ndiyo inayoziba. Grisi huisaidia kuteleza ikae mahali pake bila kujikunja. Ukielewa hilo, hutaibandika grisi nyingi ukitumaini itafunika kasoro ya raba.

Vaselini na grisi ya bearingi za magurudumu hutokana na petroli na huyeyuka ndani yake. Kifuniko kitakuwa laini kwa wiki, kisha kitarudi kilipokuwa, na masalia ya grisi yatakuwa yameteremka kwenye chujio. Dawa za kupuliza kama WD-40 husafisha na kukausha kuliko kulainisha. Grisi ya silikoni haiendani na raba za silikoni, kwani huzivimbisha. Tena ikigusa bawa, siku ya kupaka rangi rangi itakataa kushika pale ilipopita, ikaacha vijishimo.

Inayofaa ni grisi iliyotengenezwa kwa ajili ya vali za petroli, isiyoyeyuka ndani yake. Ukiona SAE-AMS-G-6032 kwenye kopo, hilo ndilo daraja lake. EZ Turn ni mojawapo ya zinazotumiwa sana na waundaji wa ndege. Inanata sana, kwa hiyo itumie kidogo mno. Grisi za florini kama Krytox nazo haziyeyuki katika petroli na huteleza vizuri zaidi, ila bei yake itakufanya utumie kidogo bila kuambiwa.

Unga wa risasi ya penseli, yaani grafaiti, uache. Ukikutana na alumini penye unyevu, huharakisha kutu.

Kupaka na kuunganisha

Chukua grisi kiasi cha punje moja ya mchele. Isugue kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka iwe utando, kisha ipitishe raba kubwa katikati ya vidole hivyo, ukiizungusha hadi imalize duara. Raba itoke inang'aa, bila donge wala alama ya rangi ya grisi. Ukiona grisi imekaa juu yake, ni nyingi, futa. Raba ndogo inatosheka na kile kilichobaki kidoleni.

Ingiza raba kwenye mfereji bila kuisokota. Kuna mstari mwembamba wa kiwandani unaoizunguka. Ufuate kwa macho. Ukiona unapanda na kushuka, raba imejisokota: itoe uanze upya. Kiguzo kipitishe kwenye raba ndogo kwa kuzungusha polepole, nyuzi za skrubu zisije zikaikata.

Pini ya mpini ipate tone moja la mafuta mepesi ya mashine, kwa upande wa nje, kisha ifutwe. Mahali ndege inapotua kwenye viwanja vya murram, punguza vilainisho hata zaidi ya hapa. Vumbi likinata kwenye grisi huwa msasa, na kila unapozungusha kifuniko unaisaga raba yako mwenyewe.

Sasa ndipo ushike nati

Funga nati mpya mpaka kwenye hesabu ya nyuzi uliyoandika mwanzo. Rudisha kifuniko kwenye shingo, laza mpini. Kaza au legeza robo mzunguko kwa wakati, ukijaribu kila mara.

Unatafuta hali hii: mpini unalala kwa kusukumwa na kidole gumba, kwa nguvu inayosikika lakini bila kugongwa, unanyanyuka kwa kidole bila bisibisi, na ukiisha kulala, kifuniko hakizunguki ukijaribu kukigeuza kwa kiganja. Kikizunguka, kimelegea. Ukilazimika kukigonga, rudi kwenye raba: huenda ni nene kuliko inavyotakiwa au imejisokota. Usimalizie ugumu huo kwa spana, na usikaze kupita kiasi ukidhani unaongeza usalama, maana pini ya mpini ni nyembamba na ina kikomo.

Ukiridhika, weka alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye kiguzo. Alama ikipasuka, utajua nati imezunguka.

Vipimo vitatu

*Kijishimo.* Hiki ni kipimo cha raba ndogo, na hakihatarishi tangi. Kifuniko kikiwa mezani, mpini umelala, kiweke juu ya karatasi kavu ya tishu na ujaze maji kwenye kijishimo. Kiache nusu saa. Karatasi ikilowa, raba ndogo haijakaa.

*Puto.* Hiki hupima kifuniko kikiwa mahali pake. Funga vali ya mafuta ndani ya ndege, unganisha puto la kawaida la watoto kwenye bomba la kupumulia kwa kiungo cha njia tatu, na usukume hewa kidogo kwa pampu ya mkono ya mpira, kama ile ya kupimia presha ya damu. Paka maji ya sabuni kuzunguka kifuniko na utafute mapovu. Kompresa ya gereji isikaribie. Tangi hizi hazitakiwi kuzidi paundi 1 kwa inchi ya mraba, na shinikizo hilo dogo, juu ya bati la mita moja ya mraba, ni sawa na mzigo wa takriban kilo 700. Fahamu pia kwamba puto litanywea au kuvimba kwa mabadiliko ya joto tu. Mapovu ndiyo ushahidi.

*Chupa.* Baada ya mvua ya kwanza, au baada ya kuosha ndege, chukua mafuta kutoka vali ya chini ya kila tangi. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya chupa kama tone lisilo na rangi, buluu ikiwa juu. Hadhari: chupa nzima ikiwa haina rangi, usidhani ni safi. Yaweza kuwa maji matupu. Nusa, kisha chukua tena mpaka buluu itoke.

Mazoea yanayorefusha maisha ya raba

Usijaze tangi hadi mdomoni asubuhi kama ndege itashinda juani. Lita 80 zikipanda joto kwa nyuzi 20 za Selsiasi huongezeka kwa zaidi ya lita moja na nusu, na mafuta hayo lazima yapate pa kwenda. Ndege ikilala nje, funika vifuniko kwa turubai ndogo au kifuniko cha juu, hasa msimu wa masika. Hata raba nzuri haifai kuachwa chini ya dimbwi usiku kucha.

Kagua raba kila unapojaza mafuta, kwa kuitazama tu. Paka upya grisi pale unapoona uso umekauka. Badilisha raba zote na nati kwenye ukaguzi wa kila mwaka, hata kama bado zinaonekana nzuri, kwani ni vitu vya bei ndogo.

Marekani, aliyeiunda ndege huweza kupewa cheti cha kuifanyia ukaguzi wa mwaka mwenyewe. Ukiwa Kenya au Tanzania, ulizia masharti ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA au TCAA, kabla ya kutia saini. Kwa vyovyote vile, andika kwenye daftari la ndege: tarehe, namba za raba, aina ya grisi, na nyuzi ngapi zimejitokeza chini ya nati. Mwakani kifuniko kikikaza tena na nati iko palepale kwenye alama yake, utajua mara moja kwamba ni raba, na spana itabaki kwenye sanduku.